Maghala ya Bibi Mjini Buffalo

Je, bibi yangu alijua kwamba maghala yale yalikuwa matupu? Nimelibeba swali hili tangu utotoni. Nimelipeleka chuo kikuu, nilikosomea historia, nikitumaini kwamba elimu ingenisaidia kulijibu. Nimeingia nalo katika ndoa na katika ulezi, na leo, katika umri huu wa makamo ambapo mtu huanza kufanana na wazee wake kwa sauti na hata kwa kikohozi, bado sina jibu. Ziko siku ninazoamini kwamba alijua tangu mwanzo. Ziko siku nyingine ninazoweza kuapa kwamba hakujua. Nakueleza mapema, rafiki yangu, ili usije ukanidai jibu hilo mwishoni.

Kilichoniamsha safari hii ni harufu. Mwaka jana, majani yalipoanza kugeuka rangi, niliendesha gari kutoka Clintonville, upande wa kaskazini wa Columbus ninakoishi, hadi Buffalo, ili binti yangu akatazame chuo alichotaka kuomba nafasi. Tulipoukaribia mto aliteremsha kioo, akaniambia kwa Kiingereza, kwa maana hiyo ndiyo lugha anayonijibia kila ninapomsemesha kwa Kiswahili, kwamba kuna mtu mahali fulani amesahau uji jikoni. Nilicheka, kisha nikashindwa kuendelea kuendesha. Nikaegesha gari kando. Ilikuwa harufu ya nafaka inayookwa katika kiwanda cha vyakula vya asubuhi kilicho kando ya mto, ileile iliyotupokea sisi zamani. Upepo ukivuma kutoka ziwani, nusu ya mji hunukia kama jiko la mtu mkarimu. Bibi aliivuta kwa matundu yote mawili ya pua siku ya kwanza tulipofika, akasema: "Hapa wanapika." Hilo lilikuwa neno lake la kwanza juu ya Marekani, na kwa muda mrefu lilibaki kuwa sifa kubwa kuliko zote alizoipa.

Sisi ni Warundi. Bibi alizaliwa Burundi, baba alizaliwa huko, lakini mimi nilizaliwa kambini, magharibi mwa Tanzania, na Burundi niliijua kwa masimulizi tu. Tulipoletwa Buffalo tulipangishwa orofa ya chini ya nyumba ya mbao upande wa magharibi wa mji, katika mtaa uliokuwa wa Waitaliano kabla ya kuwa wetu sote. Baba alifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, mahali baridi kiasi kwamba vidole vyake vilipasuka hata wakati wa kiangazi. Mama alihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Bibi alitutunza sisi watoto, akapika maharage kwa mawese yaliyonunuliwa kwa shida, akachuma lengalenga zilizoota zenyewe kwenye nyufa za barabara, mboga ambayo watu wa mji huu waliikanyaga bila kujua kwamba wanakanyaga chakula cha jioni.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa mjane wa Kiitaliano, mzee kama bibi, mwenye mtini mmoja uani kwake. Kila majira ya baridi yalipokaribia aliufunga mti ule kwa magunia na mablanketi makuukuu, akaukaza kwa kamba kama mgonjwa anayeandaliwa safari. Bibi alimtazama kutoka dirishani, akatoka kwenda kumshikia kamba. Hawakuwa na lugha moja. Kila mmoja alisema yake, kwa kirefu na bila aibu, na mwingine akaitikia kwa kichwa. Chupa za sosi ya nyanya zilivuka ua kuja kwetu, na bakuli za maharage zikavuka kwenda kwake. Sikuwahi kuitwa kutafsiri, na kusema kweli nadhani ningewaharibia.

Sasa nikueleze juu ya kutembeza wageni, kwa maana bila desturi hiyo huwezi kumwelewa bibi. Kambini, kila lilipoingia kundi jipya la watu na mafurushi yao, aliyetangulia kufika alikuwa na wajibu wa kuwatembeza. Hakuna aliyeuandika wajibu huo, na hakuna aliyeukwepa. Uliwaonyesha bomba la maji, zahanati, kanisa, njia ya kuni, na hata makaburi, kwa sababu nayo watu huyahitaji. Lakini kabla ya yote uliwaonyesha ghala la mgao. Bibi alikuwa na msemo: mgeni asiyejua ghala liko wapi halali, hufumba macho tu.

Buffalo, aliyetupokea alikuwa kijana mpole wa ofisi ya wakimbizi, mwenye gari na funguo nyingi. Alituonyesha kituo cha basi, kliniki, shule na duka kubwa la vyakula. Bibi alimshukuru sana. Kesho yake akanishika mkono, akasema twende tukatembee, maana yule kijana amesahau jambo. Tulitembea siku nzima. Tulipanda basi ambalo sikujua linakokwenda, tukashuka lilipokoma, tukafuata ile harufu, hadi tukatokea kwenye mto mwembamba unaojipindapinda, na kando yake, pande zote mbili, yamesimama majengo makubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona: minara ya zege iliyobanana, ya mviringo, isiyo na madirisha, ya rangi ya majivu, mirefu kana kwamba mtu alipanga mitungi ya majitu ukingoni ili ikauke. Hata mimi, mtoto, nilijua ni nini. Umbo la ghala halihitaji mkalimani. Bibi alisimama, akainua uso. Kisha akafunga khanga yake vizuri. "Basi," alisema, "mji huu haulali njaa." Usiku ule alikoroma, kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye ndege.

Tangu hapo akawa mtembezaji wa wageni. Ilipofika familia mpya, iwe ya Kirundi au ya Kikongo, Jumamosi yake bibi alivaa viatu vyake vya kanisani, akanichukua mimi nisome maandishi ya mabasi, na tukaanza safari. Njia ilikuwa ileile kila mara. Kwanza tulikwenda katikati ya mji, kwenye jengo refu la serikali ya mji lenye kichwa cha vigae vya rangi kama kilemba cha bwana harusi. Hapo bibi aliwaambia wageni kwamba ni bomani, na kwamba ukiitwa humo uende umevaa vizuri. Kisha tulikwenda ziwani. Aliwaonyesha mnara wa taa, aliwaonyesha maji, halafu akanyoosha kidole upande wa pili na kusema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa muhimu, kwamba kule ni nchi nyingine, mpaka uko karibu, na ni vizuri kujua. Wageni waliitikia kwa uzito. Hakuna aliyeuliza ni vizuri kwa nini.

Mwisho tulikwenda mtoni. Aliwapanga wageni kwa mstari, migongo kwa barabara, nyuso kwa minara, akasema: "Hilo ndilo ghala." Nami nilijifunza kuwatazama watu na si minara, kwa sababu jambo lenyewe lilitokea kwenye mabega yao. Yalishuka. Mtu aliyekuwa amejikunja tangu uwanja wa ndege alinyooka, akaanza kuuliza bei ya viatu vya theluji.

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wetu alipotupeleka kwenye mto ule kwa mashua. Alikuwa mzaliwa wa mji huo, na babu yake alikuwa mmoja wa watu waliochota ngano kutoka matumboni mwa meli kwa sepetu, wakiwa wamefunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Alitueleza historia kwa upendo, kama mtu anayesimulia ukoo wake. Ngano ya mashambani kote magharibi ilikuja hapa kwa njia ya maziwa. Ilishushwa, ikainuliwa, ikatunzwa katika minara hii, kisha ikaendelea na safari kwa mfereji na baadaye kwa treni. Mji ulitajirika kwa sababu kila kitu kilipaswa kusimama hapa kabla ya kuendelea. Halafu ikafunguliwa njia nyingine ya maji, na meli zikaweza kwenda hadi baharini bila kusimama. Maghala yakafungwa moja baada ya jingine. Kiwanda kile chenye harufu bado kinafanya kazi, alisema, na vingine vichache. Lakini mengi ya majengo haya yana mwangwi tu ndani yake.

Nakumbuka nilishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Wenzangu walipiga kelele chini ya daraja ili wausikie huo mwangwi. Mimi niliwawaza watu wote waliokuwa wamelala usingizi mzuri kwa sababu ya neno la bibi. Nilirudi nyumbani nikala ugali wangu, na sikumwambia mtu.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo baba alipoanza kuzungumzia kuhamia Louisville, mji wa mbali upande wa kusini. Rafiki yake wa kambini alikuwa amehamia huko, upande wa South End, naye alimpigia simu kila Jumapili. Kulikuwa na kazi ya mchana kwenye mabohari ya vifurushi. Theluji ilikuwa haba. Kulikuwa na nyumba zenye viwanja, na kanisa ambamo watu waliimba kwa Kiswahili hadi wakasahau chakula. Baba alikuwa amechoka, na nikiutazama uchovu ule kwa macho ya leo nashangaa kwamba alivumilia hivyo. Alimaliza kueleza, na sote tukamtazama bibi.

"Nendeni salama," alisema. "Mimi sitoki."

Hakueleza sababu. Mama akasema kwamba yeye hawezi kumwacha mkwewe peke yake kwenye theluji, hivyo kama bibi anabaki, na yeye anabaki, na watoto pia. Jambo likawa wazi kwetu sote: ama bibi akubali, ama nyumba yetu igawanyike vipande viwili, baba kule na sisi huku. Tulikuwa familia iliyovuka mipaka bila kupotezana, na sasa tungetenganishwa na vifurushi. Wiki nyingi za baridi ile zilipita hivyo. Baba alipunguza maneno. Mama aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Mimi nilisikiliza kila hatua ya bibi kwenye sakafu, nikijaribu kubashiri.

Kwa kuwa hakutoa sababu, tulimtafutia. Tulikubaliana, bila kumwuliza, kwamba hataki kuliacha ghala. Ilikuwa sababu yenye mantiki. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao kwa miaka, ukimweka karibu na maghala kama yale, utamwondoaje? Basi jioni moja baba aliamua kuling'oa tatizo kutoka shinani. Bibi alikuwa mezani akichagua mawe kwenye maharage, ingawa maharage ya huku hayana mawe. Baba akaniita, akaniambia nieleze mbele ya bibi yale aliyotufundisha mwalimu kuhusu mto. Sijui alijuaje. Nadhani mdogo wangu alikuwa amesikia shuleni.

Nilieleza. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mwanafunzi anayetaka alama: ngano, meli, njia mpya, mwangwi. Bibi aliendelea na maharage yake. Nilipomaliza aliniuliza kama babu wa mwalimu bado yu hai. Nikasema sijui. "Kazi ya vumbi ile," alisema. "Ingefaa mtu ampe pole." Kisha akamwambia baba kwamba amesikia, akaenda kuinjika sufuria. Na msimamo wake ukabaki uleule.

Baba hakurudi nyuma. Mwishoni mwa Machi alikodi gari kubwa la mizigo, la kuondokea siku ya Jumapili, akitumaini kwamba bibi akiona vitu vimepakiwa moyo wake utalainika. Akatuita sisi watoto akatuonya: msimwambie mtu. Si mwalimu, si rafiki, si watu wa kanisani. Tuliitikia. Nataka uone jinsi tulivyoitikia kwa wepesi, bila hata mmoja wetu kuuliza kwa nini. Kwetu lilikuwa agizo la kawaida kama kuambiwa tunawe mikono.

Jumamosi, siku moja kabla, bibi alikuwa na mgeni wa kutembeza. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka Kivu, mjane, aliyeletwa wiki ile pamoja na watoto wawili wadogo kwenye orofa iliyokuwa juu yetu. Tulikuwa hatujamsikia akisema zaidi ya salamu. Alimfuata bibi kila mahali akiwa ameshika watoto, huku na huku, kama mtu anayebeba ndoo mbili zilizojaa. Bomani aliitikia. Ziwani aliitikia. Theluji ilikuwa imebaki ya mabaka, nyeusi kwa moshi wa magari, na tulipofika mtoni jua lilikuwa limetoka kidogo. Mimi nilisimama kando. Bibi alikuwa ameshaambiwa ukweli. Je, angesema nini leo?

Alimpanga mgeni na watoto wake kwa mstari. Akanyoosha mkono. "Hilo ndilo ghala."

Yule mama alitazama kwa muda mrefu kuliko wageni wengine. Alikuwa mkulima, kama bibi alivyokuwa mkulima. Alitazama juu, akatazama chini kwenye ukingo, akageuza kichwa upande wa kile kiwanda chenye harufu, ambako ndege walizunguka kwa mamia, wakarudi, wakatua. Kisha akaitazama tena minara iliyo mbele yetu, na anga tupu juu yake.

"Bon, mama," alisema kwa upole, "lakini ndege iko wapi? Kwenye kuko mahindi, ndege haiwezi kukosa."

Bibi hakusita hata kidogo.

"Ndege wa huku wamelelewa," alijibu. "Hawali kabla ya kukaribishwa."

Yule mama alimgeukia, akamwangalia usoni, na ghafla akacheka. Alicheka akainama, akaachilia mikono ya watoto wake akashika magoti, na watoto waliposikia mama yao anacheka wakaanza kukimbizana kwenye theluji. Bibi naye alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake. Unaona sasa kwa nini sina jibu. Mwanamke aliyelima mahindi maisha yake yote angewezaje kuyatazama maghala yale miaka mitatu asione kile ambacho mgeni alikiona kwa dakika chache? Na kama alikiona, aliwapeleka watu pale kuwaonyesha nini?

Kwenye basi la kurudi, yule mama aliyekuwa bubu wiki nzima akafunguka. Alizungumza na bibi kwa sauti ya chini, na mimi niliyekaa nyuma yao nilisikia yote. Hakusimulia vita. Alisimulia sufuria. Siku watu wa kijiji chao walipokimbia, alikuwa na sufuria ya jirani yake, kubwa, ya kupikia karamu, aliyoiazima kwa ajili ya ubatizo wa mtoto. Waliondoka usiku. Hakumwambia jirani. Sufuria ilibaki jikoni kwake, na hadi leo, alisema, kila anapopika anawaza jambo moja. "Anafikiri nilimwibia, mama. Donc, mpaka leo anaitafuta."

Bibi alimshika mkono. Hakuuachilia hadi tuliposhuka.

Nyumbani tulikuta gari la mizigo limeegeshwa uani, nyuma ya nyumba, mbali na macho ya barabara. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa ingawa giza lilikuwa halijaingia. Baba na mama walikuwa wanapakia kimyakimya, wakinong'ona, wakipitisha godoro mlangoni bila kuligusisha ukuta. Bibi alisimama katikati ya sebule iliyobaki nusu, bado amevaa viatu vya kanisani, akawatazama.

"Unaondoka lini?" alimwuliza baba.

"Alfajiri, mama, watu wakiwa wamelala. Nakuomba sana tena."

"Umemuaga nani?"

"Sijamuaga mtu."

"Mwenye nyumba?"

"Nitamwachia ufunguo chini ya jamvi. Kodi yake nimeshalipa."

"Mchungaji? Jirani huyu wa hapa?"

Baba alikuwa ameshika sanduku la vyombo. Alilishika tu, hakulishusha.

"Mwanangu," bibi alisema, "nani anatufukuza?"

Naweza kukuonyesha hadi leo mahali baba aliposimama. Akatazama mapazia yaliyofungwa, akamtazama mama, akatutazama sisi watoto tuliofundishwa kunyamaza. Kisha akakaa juu ya lile sanduku, vyombo vikalia ndani yake, akacheka kidogo, halafu akaufunika uso wake kwa vile vidole vilivyopasuka.

"Hakuna, mama," alisema. "Hakuna mtu."

"Basi tuondoke kama watu wasiofukuzwa. Tukiaga, nakuja. Tusipoaga, sitoki."

Ili uelewe kosa la baba lazima ujue kwamba kwetu halikuwa kosa, lilikuwa adabu. Katika kukimbia, kutoaga ni hisani. Jirani asiyejua ulikokwenda hana la kusema atakapoulizwa, na wanaouliza huwa hawaulizi kwa upole. Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha baba hivyo, alipomfunga mgongoni na kuondoka naye kutoka nyumba ya kwanza, huku moto ukiwa bado unawaka jikoni ili ionekane kuna watu. Baba alikuwa ameijua namna moja tu ya kuhama, na aliileta hadi Marekani, akaitumia dhidi ya majirani ambao wangemsaidia kubeba godoro. Bibi alikuwa amekataa tangu mwanzo, nadhani, kwa sababu aliiona namna hiyo ikija: minong'ono ya simu, watoto walioonywa. Hakuwa na neno la kuisemea hadi mjane wa Kivu alipomletea sufuria yake.

Nilimpeleka binti yangu mtoni mwaka jana. Baadhi ya maghala yamebomolewa. Mengine yamepakwa mwanga wa rangi usiku, watu hukaa chini yake kunywa na kusikiliza muziki, na sikuona ubaya wowote. Ni afadhali kelele kuliko mwangwi. Binti yangu alipiga picha nyingi, akasema ni mazuri kama mahekalu. Nyumba yetu imepata rangi ya kijani na watu wengine. Mtini haupo, wala mjane aliyeufunga magunia. Bibi aliishi miaka mingi South End, akaujua kila uchochoro wake, na amezikwa huko Louisville kwenye kilima kidogo chenye nyasi nzuri, mbali na mto ule. Desturi ya kutembeza wageni nayo imekwisha, au karibu. Mimi nilipohamia Columbus, kwanza mtaa wa Linden kwenye vyumba vya bei nafuu, hakuna aliyenitembeza; simu ilinionyesha kila barabara, kwa usahihi ambao bibi hakuwa nao. Sina malalamiko makubwa. Maisha yangu yamekuwa mazuri kuliko nilivyostahili kutarajia. Ila najua kwamba kuna aina ya usingizi niliyoiona kwa watu wale, na simu haijui kuuleta.

Lakini ninapoukumbuka mji ule siukumbuki kwa vilivyotoweka. Naikumbuka asubuhi ya Jumapili ile.

Tulifungua mapazia yote. Baba alilitoa gari uani akaliegesha mbele ya nyumba, hadharani, akawasha injini ili lipate joto, akakaa nyuma ya usukani akiwa na uso wa mtu aliyevaa nguo za kuazima. Bibi alitoka amevaa khanga mpya. Akapanda kwanza ngazi za nje hadi orofa ya juu, kwa mama wa Kivu, akakaa huko kitambo, na aliposhuka macho yake yalikuwa mekundu na kichwa chake kiko juu. Kisha akavuka ua, akagonga kwa yule mjane wa Kiitaliano.

Mlango ulifunguka. Bibi akasema yake kwa Kirundi, kwa kirefu, akionyesha gari, akionyesha sisi, akionyesha upande wa kusini. Mjane alisikiliza hadi mwisho. Halafu akarudi ndani akafunga mlango.

Tulisimama kwenye baridi. Mama akasema pengine amekasirika, au hakuelewa. Bibi hakusogea. Mlango ukafunguka tena, na mjane akatoka amevaa viatu vya kutokea na kofia, mkoba mkononi. Akapitisha mkono wake kwenye mkono wa bibi, akamwongoza ngazi kwa ngazi hadi barabarani. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mzee ambaye hatukuwahi hata kumsalimu. Mjane ndiye aliyegonga. Alimweleza kwa Kiingereza kwamba majirani wanaondoka na wamekuja kuaga, na mzee akavua kofia. Wakaenda nyumba ya tatu, polepole, wakiwa wameshikana, mmoja akisema kwa Kiitaliano na mwingine kwa Kirundi, na mama wa Kivu akatoka na watoto wake akawafuata.

Baba aliwatazama kupitia kioo cha mbele. Mtaa ulikuwa mrefu. Akazima injini, akashuka, akaenda kugonga nao.